Rangi Bila Msasa

Mshangano, Songea
Februari 12, 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima kama ilivyoniacha mimi, ukiondoa masikio. Masikio yamekwisha kabisa. Miaka thelathini ya kukaa karibu na injini na kugonga bati, sasa imedai chake. Ukipiga simu nasikia mvumo tu, na meseji zako zina herufi ndogo kama chawa, nazisoma mpaka machozi yananitoka. Kwa hiyo nimenunua karatasi na bahasha. Usishangae mwandiko, mkono nao unazeeka.

Huku hatujambo. Mahindi yamestawi, mvua ya mwaka huu haikutudanganya. Jirani yangu Jeremia amestaafu ualimu, sasa anakuja kila asubuhi kunisumbua mimi badala ya kusumbua watoto wa watu. Kaburi la mama yako nimelijengea. Nilipanda na yale maua ya njano aliyokuwa anayapenda, lakini mbuzi wa Jeremia wameshayala. Nitapanda tena.

Sasa jambo lenyewe. Nimeamua kuipaka rangi upya ile boti yetu ya alumini. Tangu tuhame Mbamba Bay imelala kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wanataga chini yake. Nimepata mnunuzi, Valence wa Liuli, ataichukua mwezi wa nane. Siwezi kumkabidhi mtu chombo kichafu. Wewe ndiye uliyekuwa karani wangu, ulikuwa unaandika vipimo vyote kwenye daftari la jalada la kijani. Daftari silioni. Kabla ya kupaka praima, ile rangi ya chini, tulikuwa tunaiosha kwa siki. Siki kiasi gani, maji kiasi gani? Nijibu hilo tu.

Barua nampa Abdulswamadu, konda wa basi la Tunduru. Atajua namna ya kuifikisha Nalasi.

Baba yako,
Fidelisi

Nyongeza: Ndiyo, hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu ulipoondoka kwenda kuolewa huko. Miaka tisa, najua kuhesabu. Usiniandikie kuhusu hilo.


Nalasi, Tunduru
Machi 8, 2024

Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Abdulswamadu aliiacha Tunduru kwa muuza misumari, muuza misumari akaisahau ndani ya droo, akaikumbuka siku alipotafuta bisibisi. Bahasha ina kutu. Nimeikumbatia hivyo hivyo.

Sisi wazima. Bakili anakusalimu. Shikamoo yake naituma pamoja na yangu, uzipokee zote mbili au uziache zote mbili. Mjukuu wako Salima yuko darasa la pili na anajua kila kitu, hata visivyomhusu. Mikorosho iko salama. Wiki ijayo tunaanza kufunga.

Siki ni nusu, maji nusu. Lakini baba, hilo unalijua. Hata ukiamshwa usingizini unalijua. Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi, wewe ndiye uliyekuwa unanitajia nikaandika. Unakumbuka mwaka ule Mbamba Bay, nina miaka kumi na moja, uliponirudisha nikwangue ubavu mzima upya? Kwa ajili ya sehemu moja, ukubwa wa sahani ya chai, niliyoiruka bila kuipiga msasa nikadhani hutaiona. Nililia. Ukaniambia, "Alumini haidanganywi. Usipoiparuza, rangi inakaa juu yake kama mgeni asiyekaribishwa, siku yoyote inaondoka." Hilo halikuwa kwenye daftari na bado ninalo.

Daftari liko kwangu. Nililichukua nilipoondoka. Nisamehe.

Nakumbuka pia siku tuliyohama, boti ikapakiwa juu ya Fuso na vyungu vya mama vikiwa ndani yake, na mimi juu ya vyungu. Tukapanda milima ya Mbinga hivyo. Watu waliokuwa wanachuma kahawa wakatupungia mikono, mmoja akapiga kelele kuuliza tunavua samaki gani huko juu. Mama alicheka mpaka Kitai.

Niliiona boti siku ya msiba wa mama. Ubavu wa kushoto pale mbele, penye maandishi, pamefunikwa kwa rangi nyekundu, ile ya mapaa. Siku ile sikuuliza. Sasa nauliza. Ukiikwangua kwa ajili ya huyo Valence, utakwangua na pale?

Salima anauliza boti ya babu inakula nini, maana Songea hakuna ziwa.

Mwanao,
A.


Mshangano, Songea
Aprili 14, 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Ile ya Februari hukuitikia. Haidhuru.

Pasaka tuliila salama. Mvua imetukamata wiki tatu mfululizo, mto umechukua daraja la miti kule bondeni na Jeremia alishindwa kuja siku nne. Nilipumzika vizuri. Nasikia na ninyi mmemaliza kufunga. Heri yenu.

Umeniuliza swali moja, mimi nitakujibu mengine. Mwambie huyo mtoto boti haili, ila inakunywa. Nimeipindua, nikaiweka juu ya magogo mawili, nikaijaza maji ya mvua ndani mpaka kwenye vikalio. Hivyo ndivyo unavyotafuta ribiti zilizolegea kwenye maungio ya bati ukiwa mbali na ziwa: maji yakijua njia ya kutoka, yanajua na ya kuingia. Nikalala chini yake kwenye tope na kipande cha chaki, kila tone nikalichorea duara. Kumi na saba. Majirani walikuja kutazama mzee amelala chini ya boti iliyojaa maji, kilomita mia na zaidi kutoka Nyasa, mvua inanyesha. Sasa mtaa mzima unaniita Nuhu. Mama mmoja ameniuliza kama kuna nafasi ya nguruwe wake.

Ribiti zote kumi na saba nimezigonga upya. Ile ya chini ya kikalio cha nyuma, uliyokuwa unaiziba kwa kidole gumba ukijifanya umeokoa meli, nayo imekaza. Kimya kimekuwa kingi hapa nyumbani wakati nazigonga, na si kwa sababu ya masikio.

Tumbo la boti nimeshalikwangua, nimetumia msasa na skrepa ya mbao. Brashi ya waya sikuigusa, ingeiachia alumini kutu, usije ukanifundisha kazi. Bado mbavu. Valence ana haraka.

Daftari kaa nalo.

Umeandika A. na nukta. Wino ulikwisha?

Baba yako,
Fidelisi


Nalasi, Tunduru
Mei 5, 2024

Baba,

Shikamoo. Huku wazima. Salima amefurahi kwamba boti inakunywa, amewaambia shule nzima babu yake ni Nuhu, na mwalimu amemwambia asiseme uongo. Amelia. Ukipenda, siku moja umwandikie mwalimu.

Wino haukwisha. Sikujua ungependa kusoma jina lipi.

Wewe ulisikia nimeitwa Asha, hukusubiri usikie zaidi. Ndiyo, msikitini naitwa Asha, ni jina langu na sitalikana, wala dini yangu sitaikana. Nimeichagua mwenyewe na imenitunza. Lakini nani alikwambia nililitupa lile lingine? Ulimtuma nani aje kuuliza? Ulichukua kopo la rangi ya mapaa ukafunika jina langu kwenye boti. Mama ndiye aliyenipigia kuniambia, na aliniambia kwa mkato, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kisha akabadilisha mazungumzo.

Nilivumilia hilo. Kilichonishinda ni msiba. Nilisafiri siku mbili na mtoto mgongoni ana homa. Nikafika, ukawa umesimama mlangoni unapokea watu. Ulimpa mkono kila mtu. Ulimpa mkono hadi yule mzee anayetukana majirani. Mimi ulinitazama miguu. Nililala kwa Jeremia, baba. Kwenye msiba wa mama yangu mzazi nililala kwa jirani.

Mimi sikuombi kitu. Boti ni mali yako, muuzie Valence. Ila mwaka mzima huota nimekaa ndani yake, wewe uko nyuma, mama amekaa katikati anamenya maembe, na tunakwenda. Nikiamka nakuwa na hasira na korosho, na kuku, na Bakili masikini ambaye hana kosa.

Kama una jingine la ribiti, usiandike.

A.


Mshangano, Songea
Juni 10, 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimesoma. Nimekaa nayo mwezi mzima, nimeanza barua tatu nikazichoma.

Nakutumia dagaa wa Nyasa, debe dogo, kwa mkono wa Abdulswamadu. Nimemwambia akiliacha kwa muuza misumari nitamfuata. Nimeandika na kibarua kwa mwalimu wa Salima, kimo ndani ya bahasha.

Baridi imeingia. Ukungu haunyanyuki hadi saa nne.

Fidelisi


Mshangano, Songea
Julai 21, 2024

Mwanangu,

Wiki sita hakuna neno. Najua ni msimu wa kupulizia mikorosho salfa, mnaamka na kulala mashambani. Najua pia kwamba sababu si salfa. Kila basi la Tunduru likiingia naenda stendi. Abdulswamadu akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika, ili nisijisumbue kutembea.

Basi nitasema yaliyobaki, halafu utanijibu au hutanijibu.

Kwanza, hakuna mnunuzi. Valence wa Liuli yupo, ana mitumbwi yake miwili na hana habari na boti yangu. Nilihitaji sababu ya kukuandikia na sikuwa nayo. Siki nilijua ni nusu kwa nusu. Haya, cheka.

Pili, siku ya msiba. Nilikutazama miguu kwa sababu una uso wa mama yako, na mama yako alikuwa ndani ya sanduku. Ningekutazama usoni ningeanguka mbele ya watu. Lakini hiyo ni sababu ya dakika moja. Usiku ule ulipokwenda kulala kwa Jeremia nilikuwa na saa kumi nzima za kuvuka uzio na kukuita, na sikuvuka. Hiyo haina sababu. Hiyo ni kiburi cha mzee mjinga, na nimeilipia kila siku. Nisamehe, mwanangu.

Tatu, umeniuliza mwezi wa tatu kama nitakwangua pale. Wiki iliyopita jua lilitoka vizuri nikafika ubavu wa kushoto. Nilibeba skrepa, msasa wa aina mbili, na Jeremia wa kunishikia ndoo. Nilianza kwa kugusa ukingo wa ile rangi nyekundu kwa ukucha, kuona imeshika kiasi gani. Haikushika. Ilinyanyuka yenyewe, nikaivuta kwa vidole, ikatoka kipande kizima kama ganda la muhogo uliochemshwa. Sikutumia skrepa. Sikutumia msasa. Dakika tano na jina lote likawa nje, herufi nyeupe, hata moja haijachubuka. Ile S ya mama yako bado imelalia upande, kwa sababu alikuwa anaandika huku ananiambia nisimwangalie.

Jeremia siku hizi huniandikia kwenye karatasi akitaka kusema nami. Akaandika: FUNDI GANI ALIPAKA HII? Nikamwambia fundi mmoja mwenye hasira. Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Nitakwambia na lile ambalo hakuna anayelijua. Mwaka ule wa 2015 nilipokuwa napaka, mama yako alitoka akasimama mlangoni na upawa mkononi. Nilidhani atalia au atanigombeza. Alitazama kidogo, akasema, "Fidelisi, hujapiga msasa." Nikamwambia aende akapike. Akaenda, na nikamsikia jikoni anaimba. Wakati ule nilikuwa bado nasikia. Nilikasirika zaidi, nikasema mwanamke huyu mwanae amekwenda na yeye anaimba.

Boti yote sasa ni tupu, inang'aa mpaka kuku wanaiogopa. Pale penye jina nimepafunika kwa gazeti na gundi ya karatasi, ili vumbi lisipachafue. Praima nimenunua, sijaifungua. Unajua tabia yake: ukishaipaka, rangi ya juu lazima ifuate siku ile ile au kesho yake, haingoji. Kwa hiyo mimi ndiye ninayengoja.

Uniambie niandike jina gani. Likiwa Asha nitaandika Asha, kwa brashi nzuri, na msasa nitapiga.

Mwambie Bakili shikamoo yake ya mwezi wa tatu niliipokea. Marahaba.

Baba yako,
Fidelisi


Nalasi, Tunduru
Agosti 3, 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu umeniandikia mara tatu na mara tatu nimenyamaza. Mara ya nne hukuiandika, na nimeona pengo lake. Basi naitikia zote kwa pamoja, kwa heshima yako na ya mama: Milele amina. Na mimi nakuambia Asalaam aleikum, uniitikie siku ukinipokea.

Mwezi wa sita nilikuandikia jibu la dagaa, barua ndefu ya hasira. Bakili alikwenda nayo Tunduru akarudi nayo mfukoni. Alisema ameisahau. Bakili hasahau kitu. Leo nimemshukuru.

Barua yako nilimsomea jana jioni, maana alitaka kujua kwa nini nalia. Uliposema marahaba aliniomba nirudie pale penye jina lake. Nilipofika kwa mama na upawa, nilishindwa kuendelea. Akaniuliza, "Sasa mama Salima, mtu analilia msasa?" Ikabidi nimweleze, na nakueleza na wewe, kwa sababu inaelekea wewe mwenyewe hujajieleza.

Baba, wewe ni mtu uliyenirudisha ubavu mzima kwa ajili ya doa la ukubwa wa sahani. Hujawahi kupaka hata mlango wa choo bila msasa. Kasha la kanisa la kuwekea mishumaa ulilipiga msasa ndani, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Halafu siku moja, kwenye chombo ulichokipenda kuliko vyote, juu ya jina la mwanao, ukapaka rangi ya mapaa juu ya alumini chafu, bila siki, bila msasa, bila praima. Na unaniambia ni hasira. Hasira ingechukua skrepa, baba. Hasira ingekwangua. Skrepa ilikuwa inaning'inia palepale ukutani. Mkono wako ulijua ile rangi haitadumu, ndiyo maana ukaipaka. Mama aliona, akaingia jikoni akaimba.

Na ndiyo maana aliponipigia alitaja kwa mkato kama bei ya chumvi. Miaka tisa nilidhani hakujali. Yarabi, mama yule. Alijua ni suala la kungoja tu.

Jina liache lilivyo. Bakili hajawahi kuniita jingine hata siku moja, hata mbele ya shehe, tena analitamka vizuri kuliko Jeremia. Ulinipa kwa sababu nilizaliwa siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na siku hiyo mwaka huu inaangukia Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Tutakuja na basi la Jumatano, wote watatu. Chini ya langu Salima anataka aandike lake kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zake ni mbaya sana, zinalalia upande mmoja, hakuna aliyemfundisha.

Praima usiifungue mpaka nifike. Gazeti pale mbele nitalibandua mimi. Tukishamaliza na ikakauka, utafute Fuso. Nataka kupanda ile milima tena, safari hii tukiteremka upande wa pili, wa ziwani, na watu wa kahawa watuulize tunakwenda wapi.

Daftari nakuja nalo. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu wa darasa la tano: siki nusu, maji nusu.

Mwanao,
Asumpta